Kiwanja cha Helikopta cha London, Battersea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukipanda treni inayovuka daraja la reli la Battersea na ukatazama upande wa magharibi, utakiona kwa sekunde chache tu: jukwaa la zege limejitokeza juu ya Mto Thames, helikopta mbili tatu zimeegeshwa nyuma yake, na maghorofa ya vioo yamelizunguka. Wengi wamekiona hivyo, mara moja, kisha treni ikapita. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila mazungumzo yanapokigusa kiwanja hiki. Nimeyajibu kwa urefu pale jambo lilipo na uzito, na kwa ufupi pale lisipo nao. Nitasema mapema ninachokiamini: anayetaka kukielewa kiwanja cha helikopta cha mjini asianze na lile jukwaa. Aanze na mto.

Kiko wapi hasa, na kwa nini hapo?

Kiko ukingo wa kusini wa Thames, katika eneo la halmashauri ya Wandsworth, kati ya daraja la reli la Battersea na daraja la Wandsworth. Ndicho kiwanja pekee cha helikopta chenye leseni jijini London.

Kuna fikra iliyozoeleka kwamba helikopta, kwa kuwa inashuka wima, inahitaji tu kipande cha ardhi kisicho na nyaya. Rubani haoni hivyo. Akiteremka wima kwa kasi, rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka juu ya helikopta, huanza kuchota ule ule upepo iliokwisha kuusukuma chini, na helikopta huzama huku injini ikivuma kwa nguvu zake zote. Ni hali inayoogopwa na kila rubani wa helikopta. Anachokitaka ni kuja kwa mteremko, akiwa bado na mwendo wa kwenda mbele, na awe na pa kwenda endapo dakika ya mwisho ataamua asitue. Njia hiyo ya kuingilia na ya kutokea lazima iwe wazi kwa mamia ya mita. Katika jiji lililojaa nyumba, uwazi wa namna hiyo unapatikana juu ya maji tu. Mtoni hapajengwi ghorofa.

Ndiyo maana jukwaa lenyewe limesukumwa nje ya ukingo, juu ya gati, ili helikopta iwe juu ya mto tangu inapokaribia hadi inapogusa zege.

Kilifunguliwa lini, na nani alikijenga?

Kilifunguliwa tarehe 23 Aprili 1959 na kampuni ya Westland, watengenezaji wa helikopta kutoka Yeovil, Somerset. Tangu mwaka 1947 Westland walikuwa wakitengeneza Uingereza helikopta za miundo ya Sikorsky ya Marekani kwa leseni. Kiwanda kujenga kituo cha kutua kunaeleweka kabisa: nani atanunua chombo cha kumfikisha katikati ya mji ikiwa katikati ya mji hakuna pa kukiweka?

Inafaa kukumbuka jinsi mambo yalivyokwenda haraka miaka hiyo. Septemba 1939 Igor Sikorsky aliinua VS-300 yake kutoka ardhini kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa imefungwa kamba isije ikamponyoka. Machi 1946 Bell 47 ikawa helikopta ya kwanza kupewa cheti cha matumizi ya kiraia Marekani. Mwaka uliofuata Los Angeles ilikuwa inasafirisha barua kwa helikopta kwa ratiba, na mwaka 1953 shirika la Sabena la Ubelgiji likaanza kubeba abiria kutoka Brussels kwenda miji ya nchi jirani. Battersea ilipofunguliwa, ilikuwa haijatimia miaka 20 tangu ile kamba ya Sikorsky.

Kabla ya Battersea, helikopta zilitua wapi London?

Jaribio linalokumbukwa zaidi ni lile la South Bank, karibu na stesheni ya Waterloo, kwenye eneo lililobaki baada ya maonyesho makubwa ya Festival of Britain ya mwaka 1951. Kuanzia Julai 1955 hadi Mei 1956 shirika la ndege la BEA liliendesha helikopta za WS-55 kati ya hapo na uwanja wa ndege wa London, ambao leo tunauita Heathrow. Helikopta hizo zilifungwa maboya badala ya magurudumu, kwa sababu zilifuata mto, na injini ilikuwa moja. Ikizima, maji ndiyo yangekuwa uwanja wa dharura.

Nalipenda sana jaribio hili ingawa halikudumu hata mwaka. Kila kanuni inayoongoza Battersea hadi leo ilikwisha kuonekana pale: fuata mto, jiandae kwa injini kuzima, usipite juu ya vichwa vya watu.

Kwa nini hakikujengwa juu ya paa la ghorofa? Si kingekuwa karibu zaidi na ofisi?

New York walijaribu. Desemba 1965 shirika la New York Airways lilianza kutua juu ya paa la jengo la Pan Am, ghorofa 59, katikati kabisa ya Manhattan. Abiria alishuka kwa lifti akawa yuko stesheni kuu ya treni ya Grand Central. Huduma ilisimama mwaka 1968, ikarejea Februari 1977. Tarehe 16 Mei mwaka huo huo, helikopta aina ya Sikorsky S-61 ikiwa imesimama pale juu na rafadha inazunguka, mguu wake mmoja ulivunjika, ikalala ubavu. Mapanga yake yaliua watu wanne waliokuwa juu ya paa, na kipande cha panga kikaanguka hadi mtaani na kumuua mpita njia. Paa hilo halikufunguliwa tena.

Helikopta hiyo haikuwa hata inaruka. Ilikuwa imeegeshwa. Kosa dogo la chuma lililotokea juu ya jengo lilifika mtaani, kwa mtu asiyehusika kabisa na safari hiyo. Kosa lile lile juu ya gati lingeishia mtoni. Mtu akiniuliza kwa nini London ilikubali kuwa na kiwanja kilicho mbali kidogo na ofisi zake kubwa, jibu langu ni hilo.

Mapaa ya hospitali ni habari nyingine, tutaifikia.

Sasa ni cha nani?

Westland walikishikilia kwa miongo mingi. Baadaye kiliingia mikononi mwa Harrods, wenye duka kubwa maarufu la London, na tangu 2012 kiko chini ya ndugu wawili wafanyabiashara, David na Simon Reuben.

Helikopta inafikaje pale bila kugongana na ndege za Heathrow?

Hapa ndipo penye ufundi. Battersea iko ndani ya anga inayosimamiwa kwa ajili ya Heathrow. Upepo ukivuma kutoka magharibi, ambao ndio upepo wa siku nyingi London, ndege kubwa zinazokwenda kutua Heathrow hupita juu ya vitongoji hivi hivi zikishuka moja baada ya nyingine. Helikopta inapaswa kubaki chini yake, na ruhusa ya kuingia anga hiyo haichukuliwi kwa mazoea. Huombwa kwa redio kila mara.

Juu ya London zimechorwa njia maalumu za helikopta, kila moja na namba yake na kimo chake cha juu kabisa. Njia ya H4 ndiyo inayofuata Thames katikati ya jiji. Rubani haruki popote apendapo ndani ya kimo hicho. Anafuata mto, akibaki kati ya kingo zake, anataja madaraja anayopita, na akiambiwa asubiri anazunguka mahali palipoonyeshwa kwenye ramani hadi njia iwe wazi. Nje ya H4 njia nyingine zinafuata mabustani makubwa, mabonde na maeneo yenye nyumba chache. Ukiiangalia ramani hiyo bila majina ya mitaa utadhani imechorwa na mtu aliyekuwa akitafuta majani na maji tu. Na kweli ndivyo ilivyochorwa.

Akikaribia kiwanja, rubani hukabidhiwa kwa mnara wa Battersea wenyewe, wenye waongoza ndege wake. Hao humpa habari za upepo na za nani mwingine yuko njiani. Jukwaa ni moja, kwa hiyo anayetua humsubiri anayepaa, kisha husogea kwenye maegesho ya nyuma ili kumpisha mwingine.

Juu ya Hyde Park, eneo la City na Isle of Dogs kuna anga zilizozuiwa kwa sababu za usalama. Njia zimepangwa kwa kuzizingatia.

Naweza kuja na helikopta yangu bila taarifa?

Hapana. Lazima kupata kibali cha kiwanja kabla ya kuondoka ulikotoka. Ada ya kutua hutegemea uzito wa helikopta.

Kwa nini helikopta za injini moja zina masharti makali zaidi?

Kwa sababu injini moja ikizima hakuna nyingine. Helikopta haianguki kama jiwe, tofauti na wanavyodhani wengi. Rubani hushusha pembe ya mapanga mara moja, na upepo unaopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha, kama kititia cha karatasi kinavyozunguka mtoto akikimbia nacho. Karibu na ardhi rubani hutumia nguvu hiyo iliyobaki kwenye mzunguko ili kutua taratibu. Mbinu hii hufunzwa na kurudiwa mpaka iwe tabia.

Lakini mbinu hiyo inakupa sekunde chache na eneo dogo la kuchagua. Katikati ya jiji, eneo hilo ni paa la mtu au barabara yenye mabasi. Kwa hiyo sehemu ya H4 inayokatiza katikati ya London ni ya helikopta zenye injini zaidi ya moja. Za injini moja huingia Battersea kwa upande wa magharibi, na rubani wake popote alipo lazima awe na mahali pa kushukia bila kumhatarisha aliye chini.

Mbona helikopta nyingine hupaa kwa kurudi nyuma? Rubani amekosea?

Hajakosea. Swali hili hulipenda kila anayefundisha urubani, kwa sababu jibu lake linaonyesha jinsi kazi yote inavyofikiriwa.

Kwenye jukwaa dogo, rubani wa helikopta ya injini mbili anaweza kuinuka huku akirudi nyuma polepole, jukwaa likibaki mbele ya macho yake, chini ya pua ya helikopta. Kwa nini? Kwa sababu injini moja ikizima katika sekunde hizo, ile iliyobaki haitoshi kumpandisha, ila inatosha kumrudisha. Naye anaona anakorudi. Anapofika kimo kilichokwisha kukokotolewa kabla ya safari, kulingana na uzito, joto na upepo wa siku hiyo, anainamisha pua na kuondoka mbele. Kuanzia hapo, injini ikizima, harudi tena: ana kimo cha kutosha kushuka kidogo, kukusanya mwendo, na kuendelea kupanda kwa injini moja. Kabla ya kimo hicho jibu ni kurudi, baada yake jibu ni kwenda. Hakuna sekunde iliyoachwa bila jibu.

Joto limetajwa hapo kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, na mapanga hupata kidogo cha kushika. Siku ya kiangazi helikopta ile ile inaweza kulazimika kumwacha abiria mmoja.

Hivyo ndiyo maana waliniuliza uzito wangu?

Ndiyo. Taja ule wa kweli, pamoja na nguo na mkoba. Hesabu ya kimo kile hutegemea namba unayoisema wewe. Usishangae pia ukiambiwa ukae kiti fulani; uzito lazima ugawanyike vizuri mbele na nyuma.

Nini kilitokea Januari 2013?

Asubuhi ya tarehe 16 Januari 2013, kabla kidogo ya saa mbili, helikopta aina ya Agusta A109 ilikuwa imetoka Redhill, kusini mwa London, ikielekea Elstree, kaskazini, kumchukua abiria. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ukungu na mawingu ya chini. Rubani, ambaye alikuwa peke yake, aliomba kubadilisha safari atue Battersea. Akiwa karibu na Vauxhall, helikopta iligonga kreni iliyokuwa kwenye jengo la St George Wharf Tower lililokuwa likijengwa kando ya mto, jengo lenye urefu wa mita 181, na kreni ikiwa juu zaidi ya hapo. Helikopta ilianguka barabarani ikawaka moto. Rubani alikufa, na mtu mmoja aliyekuwa akitembea kwa miguu.

Kreni ilijulikana. Ilikuwa imetangazwa kwa marubani na ilikuwa na taa. Lakini juu yake ilikuwa imefunikwa na wingu. Ajali hii inanirudisha kwenye jambo nililosema mwanzo, kwamba cha kutazama kwanza ni mto na njia yake, si jukwaa. Jukwaa la Battersea lilikuwa wazi, likiwa na zimamoto na waongoza ndege. Kilichobadilika ni kingo za mto. Mwaka 1959 njia hii ilipita katikati ya maghala, viwanda na nyumba fupi. Leo inapita katikati ya minara ya makazi, na kila mnara unapojengwa huja na kreni inayouzidi kwa urefu. Mto bado haujengwi, lakini ukuta wake unazidi kupanda, na ninaamini kila anayetoa kibali cha jengo refu kando ya Thames anapaswa kuwa na ramani ya helikopta mezani pake.

Ukungu ukishuka, kiwanja hufungwa?

Safari za kwenda Battersea hufanywa kwa rubani kuona kwa macho. Haina vifaa vya kumwongoza hadi chini ndani ya wingu kama Heathrow. Pasipoonekana, haji. Kampuni nzuri humweleza mteja mapema kwamba huenda akamalizia safari kwa gari, na mteja mwenye busara hamshinikizi rubani.

Nani anafanya kazi pale siku nzima?

Waongoza ndege mnarani, zimamoto, wanaojaza mafuta, wapokeaji wa abiria. Mafuta ni yale yale ya Jet A-1 yanayotumiwa na ndege kubwa za jeti, kwa kuwa injini za helikopta nyingi za leo ni za tabo, jamii moja na injini za jeti.

Zimamoto hawakai tu kungoja. Hakuna helikopta inayotua bila wao kuwa tayari na povu lao, na kiasi cha povu, maji na watu hupangwa kwa urefu wa helikopta. Kwa muda mrefu kanuni za kimataifa zimetumia madaraja matatu: H1 kwa zilizo chini ya mita 15, H2 kuanzia hapo hadi chini ya mita 24, na H3 kuanzia 24 hadi chini ya 35. Helikopta ya AW139, inayotumiwa sana na wafanyabiashara, ina karibu mita 17 ukipima kutoka ncha ya panga la mbele hadi ncha ya nyuma, kwa hiyo ni H2. Kipimo hicho cha ncha hadi ncha ndicho pia kinachoamua ukubwa wa jukwaa lolote. Mwili wa helikopta si hoja, kinachopimwa ni duara inalolihitaji.

Ile herufi H ina maana gani?

Ni alama ya kiwanja cha helikopta duniani kote. Kiwanja cha kawaida H huwa nyeupe. Cha hospitali H huwa nyekundu ndani ya msalaba mweupe. Usiku mzingo wa mahali pa kutua huwaka taa za kijani.

Helikopta nyekundu ya wagonjwa hutoka Battersea?

Hapana, ingawa huchanganywa mara nyingi. Ile ni ya London's Air Ambulance, shirika la hisani lililoanzishwa 1989, na kituo chake kiko juu ya paa la hospitali ya Royal London, Whitechapel, mashariki mwa jiji. Hubeba daktari na mhudumu wa dharura na kuwashusha popote palipotokea ajali: bustanini, uwanja wa shule, hata njia panda iliyofungwa na polisi. Usiku timu hutumia magari.

Kwa miaka mingi walitumia helikopta za MD 902, zisizo na rafadha mkiani. Badala yake hewa husukumwa kupitia mkia na kutoka ubavuni. Kwa anayetua katikati ya watu waliojaa taharuki, kutokuwa na panga linalozunguka mkiani, kwenye kimo cha kifua, ni jambo kubwa. Mwaka 2024 zilibadilishwa na H135, ambazo rafadha yake ya mkia imefunikwa ndani ya pete.

Kusini mwa mto, hospitali ya St George's huko Tooting ilipata jukwaa lake la paani 2014 na King's College 2016. Mapaa haya yanakubalika ambapo la Pan Am halikukubalika, kwa sababu kinachopimwa ni tofauti. Kule mizani ilikuwa dakika za mfanyabiashara, huku ni dakika za mtu anayevuja damu.

Upepo wa helikopta unaweza kumdhuru mtu aliye chini?

Unaweza, na watu huudharau. Helikopta inayoelea hewani husukuma hewa chini kwa nguvu inayolingana na uzito wake wenyewe, na hewa hiyo ikifika ardhini husambaa pembeni kwa nguvu. Machi 2022, katika hospitali moja ya Plymouth, helikopta kubwa ya uokoaji aina ya S-92 ilipokuwa ikitua, upepo wake uliwaangusha watu waliokuwa kwenye maegesho ya magari ya jirani. Mwanamke mmoja mzee alifariki kwa majeraha.

Ukiwa abiria, usikaribie hadi mwelekezaji akupe ishara. Njoo kutoka mbele ambako rubani anakuona, usizunguke kabisa upande wa mkia, shika kofia na skafu mkononi, na usinyanyue kitu juu ya kichwa. Mapanga yanapopunguza mwendo hulegea na kushuka chini zaidi ya yanapokuwa kwenye kasi. Hilo ndilo huwashangaza wengi.

Kuna kikomo cha safari kwa mwaka?

Kipo. Masharti ya ujenzi yanaruhusu miruko 12,000 kwa mwaka, kutua kukihesabiwa mara moja na kupaa mara moja. Ukigawanya, ni wastani wa helikopta 16 hivi zinazokuja na kuondoka kwa siku. Kwa jiji la ukubwa wa London, ni kidogo sana.

Sababu ni kelele. Sauti ya helikopta haifanani na ya ndege. Panga moja hupita ndani ya msukosuko ulioachwa na lililotangulia, na kila pigo husikika peke yake, tap-tap-tap, hata kupitia dirisha lililofungwa. Wakazi wa Wandsworth na wa ng'ambo, Fulham na Chelsea, wamelalamika kwa miaka mingi, na sioni kwamba wanadeka. Wengine husema wakazi walihamia wakijua kiwanja kipo. Ni kweli kwa baadhi ya minara mipya, lakini njia ya helikopta ni ndefu kuliko kiwanja, na mtu anayeishi kando ya mto kilomita kadhaa kutoka hapo hakuchagua kuwa jirani wa Battersea. Kikomo hicho ndicho kinachowezesha pande zote mbili kuendelea kuwepo.

Mbona hakuna helikopta za ratiba, kama basi?

Hilo ndilo lililotarajiwa miaka ya 1950. Sabena walikuwa wanatua katikati ya Brussels, na kuanzia 1957 wakafika Issy-les-Moulineaux, pembeni mwa Paris. Uingereza nayo ilikuwa na Fairey Rotodyne, chombo cha ajabu kilichoruka mara ya kwanza Novemba 1957: nusu helikopta, nusu ndege, cha kubeba abiria wapatao 40 kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji mwingine. Rafadha yake kubwa ilizungushwa na jeti ndogo zilizokuwa kwenye ncha za mapanga. Jeti hizo zilipiga kelele kupita kiasi. Westland waliinunua kazi ya helikopta ya Fairey mwaka 1960, na 1962 mradi ukafutwa. Inasikitisha kwamba mwenye Battersea ndiye aliyekuwa na chombo ambacho kingeijaza, na chombo hicho hakikuweza kuvumilika na majirani.

Kuanzia 1978 hadi 1986 kulikuwa na helikopta ya ratiba kati ya Gatwick na Heathrow. Ilisimamishwa barabara ya M25 ilipounganisha viwanja hivyo viwili, kwa kuwa basi sasa lingetosha na malalamiko ya kelele yalikuwa mengi. Huduma ya namna hii hudumu kwa urahisi zaidi pale ambapo hakuna barabara ya kushindana nayo. Kati ya Penzance na visiwa vya Scilly, helikopta bado hubeba abiria kwa ratiba, kwa sababu chini yake ni bahari.

Wanaotumia Battersea leo ni wa safari za kukodi: wafanyabiashara, waendao kwenye mbio za farasi na za magari, watalii wa kutazama jiji kutoka juu.

Ndege za umeme zinazopaa wima zitaibadilisha Battersea?

Kwa upande wa kelele, naamini zitasaidia. Zina rafadha nyingi ndogo ambazo ncha zake hukata hewa polepole zaidi, badala ya moja kubwa. Novemba 2023 kampuni za Joby na Volocopter zilirusha zao kwenye kiwanja cha helikopta cha kusini mwa Manhattan, wazi mbele ya umma. Lakini betri ni nzito na haipungui uzito safari inavyoendelea, kama mafuta yanavyopungua. Nazo pia zitahitaji njia ya kuingilia iliyo wazi. Kwa hiyo pa kutua penye thamani patabaki kuwa kando ya maji.

Naweza kwenda kutazama tu, bila kuruka?

Unaweza. Vuka uende ukingo wa kaskazini, shuka stesheni ya Imperial Wharf, tembea hadi mtoni. Kutoka hapo jukwaa liko ng'ambo na hakuna kinachokuziba. Angalia kwanza mfuko wa upepo ulivyoelekea, maana helikopta itakuja ikiukabili upepo, na utajua uelekeze macho daraja la reli au daraja la Wandsworth. Utaisikia kabla ya kuiona. Itatokea ikiwa chini kuliko ulivyotarajia, ikifuata mkunjo wa mto, na ikikaribia gati utaona maji ya chini yake yakibadilika rangi na kusinyaa kwa duara, kabla hata magurudumu hayajagusa zege.